Mlima wa Kushuka Kimya

Mwaka 1952 Paskalia, Mzinza aliyeolewa Didia kwa wafugaji wa bara, alimpeleka mumewe Ngassa akaone kisiwa alikozaliwa mkewe. Mjomba wake Januari aliwapandisha mpaka kileleni, kwenye shimo kubwa lililotapika moto zamani za mababu. Akawakumbusha mila ya pale: mkianza kushuka hakuna kusema mpaka mguse maji ya ziwa. Mmoja akiteleza ulimi, wote mnarudi juu.

Hawajafika mbali, ndege weupe wakaruka kundi zima. Ngassa hakuwaona. Alikuwa ametazama chini.

“Nyasi zote hizi, hakuna hata ng'ombe mmoja!”

Wakarudi. Wakati wa kupanda kusema ni ruksa, na Paskalia alisema weee mpaka kileleni. Mume gani huyu, unamwonyesha mlima uliozaa kisiwa, yeye anaona malisho!

Mara ya pili walifika nusu ya mteremko.

“Mama Mihayo, ndama wangenenepa hapa!”

 Mjomba aligeuka tu na magoti yake mabovu, akaanza kupanda.

Mara ya tatu Ngassa alijiziba mdomo kwa kiganja. Akazipita nyasi, akalipita hata bonde la kijani lililomtoa machozi. Ziwa likawa pale mbele, mawimbi yakisikika. Paskalia ulimi ukamwasha.

“Umeona, Baba Mihayo? Kumbe ukitaka kunyamaza unaweza!”

Mjomba akamtazama mpwa wake, akashusha pumzi, akageuka kuelekea kileleni. Ngassa akamfuata, kiganja kingali mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko.