Mutie Alivyombadilisha Kyule

Mutie ni dereva wa lori la mkate, na jioni ni kocha wa timu ya mtaa huko Umoja. Hana makelele. Ukimwambia nyumba yake inaungua, atakuuliza kwanza ni upande gani.

Timu ilikuwa na straika mmoja, Kyule, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye Mutie alimlea tangu akibebwa mgongoni. Mpira wote ulienda kwa Kyule. Viatu, nauli na chakula kutoka mfuko wa timu, kwa Kyule vilevile. Wenzake kazi yao ilikuwa kukimbia na kuchoka bure. Mutie aliona wazi kwamba Kyule akivunjika mguu, timu imekwisha.

Akaenda Kariokor kwa kocha Willis, wakapatana. Willis amchukue Kyule. Januari, Mutie awe wa kwanza kuchagua vijana wawili kutoka timu ya watoto ya Willis. Mfuko nao upumue.

"Ati umemtoa mtoto wa marehemu kama jogoo!" mkewe, Kavutha, alifoka.

"Nimembadilisha," Mutie alisema. "Ugali unapoa."

Kyule hakubisha. Alifunga begi, akahamia kwa rafiki karibu na uwanja wake mpya. Mutie alikitazama kitanda kitupu, kikamuuma sana, kisha akaenda mazoezini.

Januari ikafika, akachagua wachezaji wawili wa kiungo, wembe kabisa. Lakini wacha nikwambie, mitaa hiyo mtoto haombwi mikono mitupu. Kocha hupeleka sukari kwa mama, aketi, aulizwe maswali. Mama wa kwanza aliirudisha sukari mlangoni, bila hata kusema karibu. Wa pili, Muhonja, anauza viatu vya tairi sokoni. Mutie alienda huko na sukari yake, pamoja na Willis ili amsaidie kusema. Muhonja akawapa vigoda.

"Kocha, yule Kyule si wako?"

"Ni wangu, mama."

"Wako wa damu umemtoa. Huyu wangu utakaa naye mpaka lini?"

Jamani, mtu mzima macho yakamjaa machozi mbele ya wateja. Mwishowe akamgeukia Willis.

"Basi nirudishie wangu."

Willis akacheka, akidhani ni mzaha. Mutie alikuwa amemnyooshea ile sukari.