Mahari ya Morogoro

Nilikuwa nimewachosha watu wote nyumbani kwa maswali kabla hata safari yenyewe haijawa na uhakika. Morogoro wanakula nini asubuhi? Milima yake inalingana na yetu? Ni kweli kwamba huko hata muuza nyanya na polisi hugombana kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho? Mama hujibu, "Utaona mwenyewe," kisha hunipa vitunguu nimenye. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa huko zamani, na ndiye aliyekuwa akinitafutia nafasi katika chuo cha ualimu. Ningekaa miaka miwili, pengine mitatu. Baba alikuwa amekubali, ingawa kwa sauti ndogo, ameinamia cherehani yake pale kibarazani kwetu Biryogo, mtaa wa Waswahili katika mji mkuu wa Wanyarwanda.

Ilikuwa miaka ya vita vya kaskazini mwa nchi yetu. Barabara ya Uganda ilifungwa, mizigo ikawa inapitia Rusumo, mpakani na Tanzania, na habari zetu za huko zikaletwa na madereva wa malori. Mmoja wao, mtu wa mtaa wetu, ndiye aliyekuwa posta ya shangazi. Mchana mmoja alisimama mlangoni, vumbi hadi kwenye kope, akamwambia baba:

"Fundi, dada yako anakusalimia sana. Anasema mahari ya mtoto iko tayari. Aende mbio, wasipatie mwingine."

Alikataa chai, akaenda zake kulala.

Baba aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Mahari?" alisema. "Dada yangu amemuoza mtoto wangu bila kuniuliza?"

Akaifunika mashine mchana kweupe, jambo ambalo nilikuwa nimeliona siku za msiba tu, akatangaza kwamba siendi popote. Mama, kwa upande wake, hakukasirika hata kidogo. Jioni ile ile alianza kunisahihisha ninavyochagua mchele, eti nyumbani kwa watu hawali mawe. Na mimi? Ningependa kuandika kwamba nililia. Ukweli ni kwamba udadisi uliniwasha mwili mzima. Ni nani huyo anayenitaka bila kuniona? Anafanya kazi gani? Ana meno yote? Na kwa nini ana haraka ya kumpa mwingine? Nadhani ningeweza kuolewa ili tu nipate majibu. Ila kila nilipokumbuka chuo, mchezo uliisha. Nilikitaka chuo kile mpaka nikaona haya.

Kesho yake baba alinichukua hadi kwenye mgahawa ambamo dereva alikuwa anakula. Sijui kwa nini alinichukua, labda alitaka shahidi. Alikaa mbele yake bila kuagiza kitu.

"Hiyo mahari iko ngapi?"

Dereva aliacha kutafuna. "Iko ngapi? Iko moja tu, fundi."

"Moja nini? Ng'ombe?"

"Ng'ombe itaingia wapi? Iko moja, karibu na dirisha. Dada yako ameiona na macho yake. Mvua haiingii."

Baba alinitazama. Mimi nilikuwa namtazama dereva, na swali likanitoka kabla sijaomba ruhusa ya wakubwa: "Unasema mahali? Mahali pa kulala?"

"Si ndiyo ninasema tangu jana? Mahari! Mahari ya kurara, mahari ya kusoma, kwa ile shule ya waalimu!"

Mgahawa mzima ulicheka. Sisi wa Biryogo hujiona wenye Kiswahili wa mji huu, lakini r na l hutupiga chenga, mkubwa kwa mdogo, na mahali petu na mahari yetu hutoka mdomoni kwa sauti ile ile. Nilicheka mpaka nikashika meza. Ilinichukua muda kuona kwamba baba hacheki.

Tulirudi taratibu kwa vichochoro. Nikamuuliza, "Baba, hufurahi? Si mume, ni chuo."

"Usiku yote nilikuwa natafuta maneno ya kumkatalia ule mtu," alisema. "Nikayapata, mazuri kabisa. Bwana harusi ningemkatalia, na mtaa yote ingenielewa. Sasa shule nitaikatalia na maneno gani?"

Ndipo nilipojua kwamba hasira ile ya jana ilikuwa imempa raha, maskini. Iliniuma sana. Nikamuuliza kama anataka nibaki.

"Oya," alisema. Hapana, kwa Kinyarwanda, lugha aliyoishika kila alipotaka mjadala uishe.

Nyumbani aliifunua mashine, akanipima magauni matatu ya safari. Tangu nizaliwe sikuwahi kuvaa nguo iliyoguswa na fundi mwingine. Nilikaa kando nikimtazama akishona, nikaona anaacha kitambaa kingi ndani ya mishono ya ubavuni, kingi kuliko alivyomwachia mteja yeyote. Nikamwambia yatanipwaya.

"Hayatapwaya. Nimekunja ndani. Ukinenepa huko, peleka kwa fundi wao, afumue, apanue." Alikata uzi kwa meno, akageuza gauni akaanza upande wa pili. "Usipeleke kwa fundi yeyote tu. Kwanza uangalie anavyoshona."