Mbuzi ya Bi Nasra Kule Hatta

Nani amekwambia sikuwa na akili? Akili nilikuwa nayo, mwanangu, masikio ndiyo yaliniponza. Na usinikodolee macho nikikuita mwanangu. Hapa Dubai uzee unahesabiwa kwa viza, na zangu zimejaza pasipoti. Keti hapo kitandani nikueleze.

Ilikuwa Ijumaa, naikumbuka kama ya leo. Rashidi, mtu wa Mumias kule Kenya, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa amempenda Zuhura, mjukuu wa Bi Nasra. Huyo Bi Nasra ni Mzanzibari aliyezeekea hapa, na neno lake kwa ile familia ndilo la mwisho. Familia nzima ilikuwa imetangulia Hatta, milimani, kupika na kula mchana, na Rashidi aliitwa akaonekane. Akipita, ataleta wazee. Akianguka, khalas, imekwisha. Dereva ni mimi.

Hatujatoka mtaani kwetu Karama, Bi Nasra akatuma sauti kwa simu: "Wanangu, njooni na mbuzi. Yangu imeng'oka jino."

Rashidi akasita. "Hebu tumuulize ni mbuzi gani."

"Mbuzi ni mbuzi!" nikamfokea. "Yake imezeeka mpaka meno yanatoka. Anataka kijana. Ama unataka waseme watu wa bara hatujui Kiswahili? Yalla, panda!"

Kwetu bara, Kenya, tunasema mbuzi yangu, ng'ombe yangu, hata punda ya jirani. Ningejuaje?

Barabara ya Hatta ni tamu. Mchanga mwekundu unakuacha pole pole, halafu milima myeusi inakusimamia mbele kama mabaunsa. Hapo ndipo tulipopata mfugaji, tukapakia beberu kiti cha nyuma pamoja na Rashidi. Akatafuna mkanda wa gari. Akatafuna kola ya kanzu ya Rashidi. Kona zilipoanza, akawa anamwegemea Rashidi begani kama mchumba. Kule kwenye bwawa la Hatta, watalii kwenye mitumbwi waliacha kupiga makasia, wakatushangaa.

Tukamkuta Bi Nasra mkekani, nazi zimeshapasuliwa.

"Mbuzi iko wapi?"

Rashidi akavuta kamba. "Huyu hapa, Bibi. Meno yote anayo."

Zuhura akaficha uso kwenye mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Sasa mie nazi nikune kwa pembe zake?" akauliza Bi Nasra.

Kumbe mbuzi ya kukunia nazi! Kile kigoda chenye chuma cha meno!

Ami yake Zuhura akaangua kicheko. "Wabara hawa! Mume gani huyu?"

Damu ikanipanda. "Usimcheke ndugu yangu! Kosa ni lenu, mnaita kiti mbuzi!"

Bi Nasra hakupandisha sauti. Alinionyesha kwa kidole juu ya vilima. "Waiona ile minara? Zamani hapa ndipo mpakani, na mle mlikaa walinzi na bunduki. Marehemu babangu alipita chini yake na punda wake, akitokea Omani, kabla hajavuka bahari kwenda kwetu. Wakamuuliza kwanza: nani wewe, waenda wapi? Wenye bunduki waliuliza. Wewe mwenye ufunguo wa gari umeshindwa?"

Nikauficha ule ufunguo mfukoni kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mimi! Waulize wanaonijua.

Rashidi hakujitetea, wala hakunitaja. Alichukua uma, akakaa juu ya jiwe, akaanza kukwangua nazi, kifuu baada ya kifuu, huku beberu akimwibia machicha. Vidole vikavimba. Wali ulipoiva, ulikuwa wa nazi kweli. Bi Nasra akaonja, akatafuna taratibu, akatuweka roho juu.

"Mjinga," akasema, "lakini hachoki. Ujinga una dawa. Rashidi, kawalete wazee wako."

Basi shika hili, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Mji huu kila mtu ana Kiswahili chake, Kiarabu chake na Kiingereza chake cha kuvunjika, na sisi kwa woga tunajibu "yes, madam" kabla madam hajafunga mdomo. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Ya kutouliza utaibeba mpaka juu mlimani. Na rafiki yako mpole akisema "hebu tuulize", usimfokee. Mpole huyo ndiye atakayekufichia kosa lako mbele za watu.

Mungu akupe masikio mazito kwa matusi na mepesi kwa maagizo. Akupe riziki isiyo na fedheha, na rafiki kama Rashidi.

Haya, asubuhi arbab wako, huyo tajiri anayekulipa, alikwambia maneno marefu pale mlangoni, ukaitikia "sawa, sawa". Alisema nini?