Kidole Si Sketi

Mama Cherehani, mshonaji wa mtaa, hupima kila kitu mara tatu huku amebana pini midomoni, kisha huongeza kidogo, maana nguo ikibana haina dawa. Leo alipima kidole cha binti yake kwa ajili ya pete ya ndoa. Alikizungushia ukanda wa karatasi asubuhi, akarudia jioni kidole kilipojaa kwa joto, akaupitisha hata kwenye kifundo. Ukapita vizuri. Lakini mkono una mazoea. Akasogeza mbele alama ya kukatia ukanda, akashika mkasi.

“Mama, kidole si sketi,” binti akamwambia.

“Na ikikwama mbele ya wakwe?”

“Na ikidondoka, utaipiga pindo?”

Mama akacheka, akarudisha mkasi kwenye alama ya kwanza, akakata bila kuacha ziada hata ya uzi.