Miguu Yangu Ilipokosa wa Kuiosha

Miaka ile ya tisini nilikuwa mnene, na watu wa kwetu Nyamira walinisifu kwa hilo. Mjane kama mimi akinona, ilionekana wanawe hawajamsahau. Lakini magoti yangu yalikuwa yamevimba, na pumzi ilinikatika nikipanda kutoka mtoni.

Daktari wa Kisii aliitia damu yangu kwenye kijibomba chembamba kilichosimama, akatazama inavyoshuka. Ilishuka upesi mno, dalili ya uvimbe mwilini.

"Mama, mafuta haya yanauwasha mwili wako ndani kwa ndani," alisema. "Tembea haraka kila siku mpaka utoke jasho."

Rafiki yangu, dada wa kanisani aliyenisindikiza, aliyasikia yote.

Tukawa tunatembea pamoja alfajiri, kando ya mashamba ya chai. Aliniita lori la Keroka. "Ongeza gia, mama, mlima bado!" Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Mvua za masika zilipokwisha, magoti yalikunjika vizuri, na damu ilipopimwa tena ilishuka taratibu. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na yeye.

Magauni nayo yalinilegea. Siku hizo mjane akikonda, watu walijua ni ugonjwa gani, hata bila kuutaja.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kwetu, kabla ya mkate, akina mama huingia chumbani mwao kuoshana miguu wawili wawili. Miaka yote mimi na yeye tulioshana. Siku hiyo alibeba beseni lake, akapiga magoti mbele ya mwingine. Nikamwendea.

"Dada, mbona?"

"Vidole vyangu vina mikwaruzo ya kuchuma chai," alinong'ona. "Usinikasirikie. Nina watoto."

"Si ulimsikia daktari mwenyewe?"

"Nilimsikia. Lakini madaktari huwaficha watu ukweli. Hata akina mama niliwaambia wasikuulize kitu, wakuombee tu."

Nilitazama chumbani. Kila mmoja alikuwa ameinamia beseni lake, na hakuna aliyeinua macho.

Nilichota maji, nikajiosha miguu mwenyewe, polepole, kama ambavyo ningemwosha yeye. Sijui kama utaratibu unaruhusu, sikumwuliza mchungaji. Kisha nikaenda mezani nikala mkate pamoja nao.

Nimemsamehe, nasema hivyo mbele za Mungu. Lakini alfajiri iliyofuata nilipita nyumbani kwake bila kumwita, nikaupanda mlima.