Nilimtukana muuza mbegu wa Usagara, kumbe kosa lilikuwa la kisigino changu

Kati ya mbegu zote za saladi nilizopanda kwa kamba na kipimo, haikuota hata moja. Zilizoota ni zile zilizodondoka bombani nilipokuwa nakung'uta mfuko wa shati.

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Kiseke, na kwa jinsi yanavyoniaibisha, sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Nirudi mwanzo.

Mimi ni mtoto wa Magu, nimekulia kwenye pamba na mahindi. Kwetu unachimba shimo, unatupia mbegu, unafukia, unakanyaga kwa kisigino. Marehemu baba asipoona alama ya kisigino, unarudia mstari mzima.

Basi nikanunua saladi kwa Mama Koku, mama wa Kihaya mwenye duka la pembejeo pale Usagara. Akaanza kunielekeza namna ya kupanda. Nikamkatiza: "Mama, mimi kilimo nimezaliwa nacho."

(Naomba msicheke bado.)

Nikalima matuta matatu nyuma ya nyumba. Kila mbegu shimo lake, kisigino juu. Nikapiga picha nikaweka status.

Wiki mbili, kimya. Matuta meupe kama uwanja wa mpira.

Nikaenda Usagara nimechemka. Shikamoo nilitoa, ila ya kubana meno. Kisha mbele ya wateja nikasema: "Mama, unatuuzia mbegu feki."

Mzee mmoja alikuwa ameshika pakiti sita za nyanya. Akazirudisha mezani moja moja, akatoka.

Mama Koku alimsindikiza kwa macho mpaka akavuka barabara, akikokota baiskeli yake ya kijani. Ndipo akanigeukia: "Mwanangu, ulipanda au ulizika?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaondoka nikitishia kumripoti.

Kesho yake mke wangu akaniita bombani. "Baba Neema, hivi vijani si ndiyo vile vya kwenye picha ya pakiti?"

Nikamwambia ni magugu. Akaenda kuleta pakiti. Vilikuwa vilevile.

Mbegu kidogo zilikuwa zimebaki, nikafanya uchunguzi. Makopo mawili, udongo uleule, maji sawa, mbegu nimezinyunyiza juu bila kufukia. Kopo moja nikalifunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, lingine kwa mfuko mweusi.

Siku ya tano kopo la nailoni lilikuwa kijani. La mfuko mweusi lilikuwa na mche mmoja, mwembamba, umepauka kama mgonjwa.

Nikarudi Usagara. Safari hii shikamoo ilitoka tumboni.

"Marahaba. Umekuja kuniripoti?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilizikanyaga."

Akacheka mpaka akashika meza. "Msukuma wa pamba wewe! Saladi inataka ione mwanga ndiyo iamke, na mwanga hauzami kwenye udongo hata nusu ya ukucha. Unanyunyiza juu, unapapasa kwa kiganja, basi. Ndicho nilichotaka kukwambia siku ile."

Halafu kicheko kikakatika. "Mimi nimekusamehe. Tatizo ni yule mzee. Ananunulia kikundi kizima cha wakulima. Tangu siku ile hajaja yeye, wala hajaja mwenzake yeyote."



Nilichojifunza: si kila mbegu inataka kufukiwa, na anayekuuzia mbegu mwache amalize sentensi. Wenye uzoefu na karoti au mchicha tuelezeni, ninyi mnafukia kiasi gani? Na anayemfahamu mzee wa baiskeli ya kijani anayenunulia kikundi mbegu za nyanya, amwambie mbegu za yule mama ni nzima, mjinga nilikuwa mimi.

Nimeulizia njia panda pale Usagara Jumamosi tatu mfululizo. Wengi wanamjua kwa sura. Anakoishi, hakuna anayejua.