Ekspoze yangu ya chembe za Jua

Jamani, nimechoka na hii vita!

Leo ilikuwa zamu yangu ya ekspoze ya fizikia, kueleza somo mbele ya darasa.
Nikafika kwenye sehemu ya wanasayansi wanaotafuta maada giza, ile isiyoonekana, ndani ya Jua, kwa kufuata chembe zinazotoka humo na kupenya hata Dunia nzima.

Risasi zikalia upande wa ziwani. Wote tukalala chini.

Riziki, jirani yangu wa benchi, akatambaa mpaka kwangu mbele, akaninong'oneza: "Hizo chembe zinapitaka hata mu muntu?"
"Ndiyo. Hata sasa."
"Na hatukufe?"
"Hatusikie hata kitu."
"Basi hizo ni nzuri. Endelea, dada."

Nikaendelea mpaka mwisho, shavu kwenye vumbi. Mwalimu mwenyewe aliuliza swali kutoka chini ya meza!

Risasi ziliponyamaza, nikamwomba alama zangu.
"Hapana. Ekspoze inafanywaka muntu akisimama."

Niambieni, hiyo ni haki?

Haya. Kesho nitasimama.